Meza ya Chakula na Waya wa Simu

Wazee wetu walisema ya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii hutajwa mara nyingi mbele ya mama mwenye mtoto mchanga na kazi ya mshahara, na aghalabu hutajwa na watu ambao wao wenyewe hawajapata kushika hata hiyo moja. Lakini tukiitazama historia bila haraka tutaona ya kuwa mama kushika mbili si jambo geni hata kidogo. Jambo geni ni kutenganishwa kwa hizo mbili.

Mwanamke wa Pwani alisuka ukili uani, mtoto wake akilala kando juu ya mkeka aliousuka mwaka uliotangulia. Alishona kofia, akaiweka chini kumnyonyesha mwana, kisha akaishika tena pale pale alipoachia. Alfajiri alipika vitumbua, na jua lilipopanda vilikuwa vimekwisha kuuzwa mlangoni. Mama wa Ukambani alisuka kiondo huku akitembea njiani, mtoto mgongoni, mikono ikifanya kazi bila ya macho kuitazama. Nyumba ilikuwa karakana na karakana ilikuwa nyumba. Baadaye ikaja kazi ya saa na kengele, kazi yenye lango na bawabu, na kila aliyepita langoni alipaswa kuacha nje mambo yote ya nyumbani kwake, mtoto akiwa mmoja wapo. Mwanamume hakuulizwa ni nani aliyebaki na mtoto, maana jibu lilijulikana. Mwanamke aliulizwa, na mara nyingi jibu lake lilimtoa kazini.

Siku hizi twasikia ya kwamba dawa imepatikana. Mzazi, wasema, na afungue biashara nyumbani mwake kwa njia ya intaneti, auze na kununua pasipo kuvuka kizingiti, amlee mwanawe kwa mkono mmoja na apokee fedha kwa mkono wa pili. Sifa za biashara hii ni nyingi, na si chache zilizoandikwa na watu ambao biashara yao hasa ni kuuza hizo sifa. Mimi sitaki kuisifu wala kuilaumu. Nataka kumrudisha msomaji nyuma, zamani kabla ya intaneti, mpaka Uingereza mwaka wa 1962, ambako mwanamke mmoja alilijaribu jambo hili hili kwa kalamu ya risasi, stampu za posta na simu ya mezani. Kisa chake chajulikana vizuri kwa kuwa alikisimulia mwenyewe, wala hakupaficha palipomuuma.

Mwanamke huyo alizaliwa katika mji wa Dortmund, Ujerumani, tarehe 16 Septemba 1933, akapewa jina la Vera Buchthal. Baba yake alikuwa hakimu, naye alikuwa Myahudi; serikali ya Hitler ilipotwaa mamlaka alinyang'anywa kazi yake, na jamaa ile ikahamia Vienna. Huko nako hatari iliwafuata. Mwezi wa Julai 1939 mama yao aliwapandisha garimoshi mabinti zake wawili, Vera mwenye miaka mitano na dada yake mwenye miaka tisa, wakaenda Uingereza kwa mpango uliookoa watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, kutoka mikononi mwa Wanazi. Miezi miwili baadaye vita vikaanza. Vera alilelewa na watu wasiokuwa wazazi wake katika mji wa Sutton Coldfield, karibu na Birmingham. Wazazi wake walinusurika, akawaona tena. Lakini alikiri ya kwamba ule uzi uliokatika pale kituoni haukupata kuungwa vema. Msomaji na akumbuke jambo hili, kwa sababu mtu aliyetenganishwa na mama yake katika umri wa miaka mitano hawezi kulizungumza suala la mama na mtoto kama jambo la vitabuni.

Alipenda hisabati. Shule ya wasichana aliyosoma haikufundisha hisabati ya juu, basi aliruhusiwa kwenda kuisoma katika shule ya wavulana. Alipotimiza miaka 18 akapata uraia wa Uingereza na jina jipya, Stephanie Brook, akaajiriwa katika kituo cha utafiti cha Idara ya Posta pale Dollis Hill, London. Hapo ndipo Colossus, mashine mashuhuri iliyosaidia kufumbua barua za siri za Wajerumani, ilipoundwa mwaka wa 1943. Mchana alifanya kazi, na usiku alisoma, miaka sita mfululizo, hata akapata shahada ya hisabati. Mshahara wa mwanamke kwa kazi ile ile ulikuwa pungufu ya ule wa mwanamume. Usawa wa mishahara katika utumishi wa serikali ya Uingereza ulianza kuletwa kwa hatua mwaka wa 1955, ukatimia mwaka wa 1961. Mwaka wa 1959 aliolewa na Derek Shirley, mtaalamu wa fizikia, akahamia kampuni iliyobuni kompyuta. Siku moja katika mkutano wa kampuni hiyo alitoa rai juu ya bei na soko, akaambiwa ya kuwa hayo hayamhusu, yeye ni fundi tu. Mwaka wa 1962 akaacha kazi.

Alianza na mtaji wa pauni 6 na meza yake ya chakula. Kampuni aliiita Freelance Programmers, na bidhaa yake ilikuwa programu za kompyuta. Watu walicheka. Wakati ule programu zilitolewa bure pamoja na mashine, kama kamba itolewavyo pamoja na ng'ombe aliyenunuliwa; nani angenunua kamba peke yake? Haki yataka niseme kwamba hakuwa wa kwanza katika biashara hiyo. Bibi Dina St Johnston alikuwa ameanzisha kampuni ya programu huko huko Uingereza mwaka wa 1959, na katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Bibi Elsie Shutt alikuwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 akiwapa akina mama kazi ya programu waifanyie nyumbani. Lakini kampuni ya Bibi Shirley ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko nyingine za namna hiyo, na ndiyo iliyoishi hata tukaweza kuyapima matokeo yake.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana kijana wa leo aweza kuuliza: kompyuta ya mwaka wa 1962 ilijaza chumba kizima, na bei yake ilikuwa ya serikali na makampuni makubwa; mama angefanyaje kazi ya kompyuta jikoni? Jibu ni kwamba programu haikuandikwa ndani ya mashine. Programu ni orodha ya maagizo ambayo mashine huyafuata hatua kwa hatua, na maagizo hayo yaliandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi. Mwandishi alichora kwanza njia ya hesabu, akionyesha mahali inapogawanyika na mahali inaporudi nyuma. Kisha aliandika agizo baada ya agizo katika karatasi zenye visanduku, akayakagua tena na tena, kwa kuwa saa moja ya mashine ilikuwa ghali mno na kosa moja lingeipoteza yote. Karatasi hizo alizitia katika bahasha akazipeleka posta. Mahali pengine watu wengine walizigeuza kuwa matundu katika kadi au utepe wa karatasi, na mashine ikayasoma matundu yale.

Alichokiona Bibi Shirley ni hiki: kazi iliyohitaji kichwa, karatasi na utulivu ilikuwa ikifungiwa ofisini kwa sababu ya mazoea tu. Aliona na jambo la pili. Makampuni yalikuwa yamewafundisha wasichana kazi hii, wakaiweza barabara. Kisha msichana akaolewa, akapata mtoto, akaenda zake, na ujuzi uliogharimu miaka ukakaa bure nyumbani ukisubiri watoto wakue. Alichapisha tangazo gazetini la kuwataka waandishi wa programu wanawake waliokwisha kuacha kazi. Swali moja muhimu aliloliuliza kila mwombaji lilikuwa kama ana simu nyumbani. Siku zile si kila nyumba ya Uingereza ilikuwa na simu, na pasipo simu kampuni isingekuwako.

Walikuja. Katika watumishi 300 wa kwanza wanaume walikuwa watatu tu. Wateja, hata hivyo, hawakuja kwa urahisi. Barua zilizotiwa sahihi ya Stephanie Shirley hazikujibiwa. Mumewe akashauri atumie jina la utani la nyumbani, Steve, ambalo ni la kiume. Barua zilipoandikwa tena kwa jina hilo, majibu yakaanza kuja, na mteja aliyekuwa amejiandaa kupeana mkono na bwana akajikuta anapeana mkono na bibi. Hata kufungua akaunti ya kampuni benki, kwa maelezo yake mwenyewe, kulihitaji idhini ya mume. Msomaji asiyaone haya kuwa vituko vya kuchekesha tu. Mtu aliyelazimika kuficha jina lake ili kazi yake isomwe alikuwa akilipa kodi ambayo wenzake hawakutozwa.

Kulikuwa na kodi nyingine. Mwaka wa 1963 Bibi Shirley alijifungua mtoto wa kiume, Giles. Simu ikawa yalia na mtoto naye akawa yualia. Basi alirekodi katika utepe mlio wa taipureta, na kila aliposhika simu ya mteja aliuwasha utepe ule, ili upande wa pili wasikie ofisi yenye shughuli badala ya nyumba yenye mtoto. Mara nyingi nimeufikiria utepe huo. Mwanamke aliyejenga kampuni nzima juu ya fikira kwamba mama mwenye mtoto aweza kufanya kazi ya kuaminika, alilazimika kumfanya mtoto asisikike, la sivyo asingeaminiwa. Wala simlaumu. Mteja hakununua fikira. Alinunua programu, na alitaka ifike kwa wakati.

Na programu zilifika. Waandishi wake walitunga ratiba za magari ya mizigo, hesabu za makampuni, na kazi mashuhuri kuliko zote, programu ya kile chombo kinachonasa habari za safari ndani ya ndege ya Concorde. Chombo hicho huitwa kisanduku cheusi, ingawa rangi yake ni ya chungwa. Concorde iliruka mara ya kwanza tarehe 2 Machi 1969, ikaja kubeba abiria kwa mwendo upitao ule wa sauti. Wachache kati ya abiria hao walijua ya kuwa sehemu ya akili ya ndege ile iliandikwa mezani na akina mama, baina ya kuosha vyombo na kuwalaza watoto.

Je, jambo hili liliwezekanaje? Wengi hudhani ya kwamba siri yote ilikuwa simu, kama vile leo wanavyodhani ya kuwa siri yote ni intaneti. Simu ilikuwa lazima, lakini haikutosha. Msimamizi wa ofisi ya kawaida huwaona watu wake. Huona nani amekuja mapema na nani amechelewa, naye hujiridhisha ya kuwa aliyeketi anafanya kazi. Bibi Shirley hakuweza kumwona mtu yeyote. Ikambidi aache kuhesabu saa za kuketi na ahesabu kazi iliyokamilika. Hakujali kama mstari uliandikwa saa nne asubuhi au saa nne usiku baada ya mtoto kulala, maadam ulikuwa sahihi na ulifika siku iliyoahidiwa.

Pili, aliwataka watu wake waandike kazi yao kwa utaratibu mmoja uliokubaliwa, na waeleze kila hatua kwa uwazi, ili mtoto wa mmoja akiugua surua mwenzake aliye mji mwingine aweze kuishika kazi pale ilipoachwa. Watu walioketi chumba kimoja huulizana kwa mdomo na huandika kidogo. Waliotawanyika walilazimika kuandika yote. Kile kilichodhaniwa kuwa udhaifu wao kikaifanya kazi yao iwe safi kuliko ya wengi. Kumbe udhuru wa mtoto ulikuwa umehesabiwa tangu mwanzo, ukatiwa ndani ya mpango kama mjenzi anavyoutia upepo katika hesabu ya paa. Sijui fundisho la kazi za nyumbani lililo kubwa kuliko hili, nalo halikutoka katika mashine yoyote.

Sasa nieleze upande wa pili wa kisa, ambao wasifu wengi wa biashara ya nyumbani huupita mbio. Giles alikuwa mtoto mzuri na mpole. Alipopata miaka miwili na nusu hivi, maneno machache aliyokwisha kuyajua yakampotea. Akawa hashikiki, wala hapakuwa na neno la kumtuliza. Ilikuwa ni usonji, hali ambayo wakati ule waganga wengi wa Uingereza waliijua kidogo sana. Baadaye kifafa kikaongezeka juu yake. Tena walikuwako wataalamu, katika miaka ya 1950 na 1960, waliofundisha ya kuwa hali hiyo huletwa na mama mwenye moyo baridi asiyempenda mwanawe. Fundisho hilo lilikuja kukanushwa kabisa, lakini halijakanushwa bado siku ambazo Bibi Shirley alikuwa akitafuta msaada. Fikiri basi mama anayeendesha kampuni kutoka mezani kwake akiambiwa jambo kama hilo.

Alikuwa nyumbani, hilo halina shaka. Kazi yake ilikuwa hatua chache kutoka kitandani pa mtoto. Lakini kuwa karibu hakukumpa mikono mingine miwili. Kazi ya nyumbani ilimpa mzazi saa, haikumpa msaidizi, na mtoto mwenye haja kubwa hakuhitaji saa peke yake. Giles alipokuwa akielekea ujana, mama yake alivunjika kwa uchovu, akaugua hata akahitaji kulazwa, na kijana naye akapelekwa kuishi hospitali, akakaa huko miaka mingi. Kampuni haikufa, kwa sababu ilikuwa imejengwa ili mmoja akianguka mwingine aendelee. Jambo hilo ni la faraja na la uchungu kwa pamoja: mpango uliotungwa kwa ajili ya surua ya watoto ndio uliomwokoa mwenye kampuni mwenyewe.

Mwaka wa 1975 kukatokea jambo ambalo sijui kama nililie au nilichekee. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa wanawake na wanaume katika kazi, na kampuni iliyoundwa kwa ajili ya wanawake ikajikuta inavunja sheria iliyotungwa kwa ajili ya wanawake. Ikawabidi wafungue mlango kwa wanaume. Nadhani sheria ile iliwatendea wema kuliko walivyoona. Maadamu kazi ya nyumbani ilikuwa ya akina mama tu, ulezi nao ulibaki kuwa wa akina mama tu. Mwanamume alipoingia kwa mlango ule ule, hapo ndipo lilipowezekana kuulizwa kwa sauti lile swali la zamani, ni nani amebaki na mtoto, na aulizwe yeye pia.

Yaliyobaki ya kampuni nitayataja upesi. Ilibadilisha majina, ikaitwa F International, kisha FI Group, na mwisho Xansa. Bibi Shirley aligawa sehemu kubwa ya umilikaji kwa watumishi, na hisa zilipoingia katika soko la London mwaka wa 1996, watumishi 70 wakawa mamilionea. Mwaka wa 2007 ilinunuliwa na kampuni ya Kifaransa. Yeye alistaafu mwaka wa 1993, akatoa mamilioni ya pauni kwa kazi za hisani. Mwaka wa 1994 alianzisha shirika la kuwapa makao watu wenye usonji, na Giles akawa wa kwanza kukaa humo. Giles alifariki mwaka wa 1998, akiwa na miaka 35. Mwaka uliofuata shule ya Prior's Court, kwa ajili ya vijana wa hali yake, ilifunguliwa Berkshire kwa fedha za mama yake.

Wakati huo waya wa simu nao ulikuwa umeanza kubeba zaidi ya sauti. Mwezi wa Mei 1984, katika mji wa Gateshead, bibi mmoja mwenye miaka 72, Jane Snowball, aliketi mbele ya televisheni yake iliyounganishwa na simu, akaagiza dukani majarini, mayai na vyakula vya nafaka bila kuondoka kitini. Mtambo ule ulitokana na fikira ya Michael Aldrich ya mwaka wa 1979. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha utafiti cha CERN kilitangaza ya kuwa ule mtandao wa kurasa alioubuni Tim Berners-Lee ni mali ya watu wote, usiotozwa ada. Mwaka wa 1995 Pierre Omidyar alianzisha nyumbani mwake, California, mnada uliokuja kuitwa eBay, na mtu yeyote mwenye kabati la vitu visivyotumika akaweza kuwa mwenye duka. Kile kilichohitaji bahasha, stampu na siku mbili za kungoja, kikawa chahitaji kufumba na kufumbua.

Kwetu Kenya mambo haya yalifika kwa njia mbili zilizokutana. Mwezi wa Machi 1907 ingekuwa hadithi ya reli. Machi 2007 ilikuwa hadithi ya simu, maana ndipo M-Pesa ilipozinduliwa, na fedha ikaweza kutumwa bila benki. Mwaka wa 2009 nyaya zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti, ambayo awali tuliipata kwa setilaiti kwa bei kubwa, ikaanza kuwa nafuu. Zilipokutana njia hizo, mama wa Kitengela au Kisauni aliweza kupiga picha za nguo za watoto juu ya kitanda chake, akazitandaza mbele ya watu asiowajua, akalipwa kwa simu, na mzigo ukabebwa na bodaboda au ukatiwa katika matatu ya kwenda Nakuru.

Sababu ya kutaka kufanya hivyo haikuwa ya ulafi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee miezi sita. Kati ya tatu na sita iko miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo kuna maamuzi mengi yaliyofanywa usiku na kwa machozi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 iliwaamuru waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Ni hatua njema, lakini chumba hicho hakimfai yule ambaye mtoto wake yuko umbali wa matatu mbili kutoka ofisini.

Hata hivyo duka lisilo na mlango halina saa ya kufungwa. Mteja huandika saa sita za usiku akiuliza kama ile ya rangi ya samawati ingalipo, na asipojibiwa huenda kwa mwingine. Tena hapana bibi Shirley wa kumpa kazi mwenzake mtoto anapougua. Muuzaji ni yeye, mpakizi ni yeye, mhasibu ni yeye. Na mara nyingi, tukichungulia nyuma ya biashara ya nyumbani iliyostawi, twamkuta mwanamke wa pili, yaya, aliyembeba mtoto wakati mama anapima na kufunga mizigo. Yaya huyo naye huenda ana mtoto wake, aliyeachwa kwa nyanya kijijini, na hakuna waya uliomletea yeye kazi mpaka mlangoni. Historia ya jambo hili haitakuwa kamili mpaka aandikwe na yeye.

Tarehe 15 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, serikali ya Kenya ilitangaza kufungwa kwa shule, ikawahimiza waajiri wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani. Ofisi za Nairobi zikahamia sebuleni na vyumbani, si kwa akina mama tu bali hata kwa mabwana wakubwa ambao hawakupata kuulizwa lile swali. Bibi Shirley alikuwa yu hai bado, mwenye miaka 86. Alifariki tarehe 9 Agosti 2025. Katika mikutano ile ya kompyuta jogoo waliwika, sufuria zikaanguka, na mtoto akaja kumvuta baba yake mkono akitaka uji, watu ishirini wakisikia. Baba akaomba radhi, akamwinua mtoto akampakata, na mkutano ukaendelea.